Santuri iliyofunikwa label: kisa cha Profesa na Mash, Eldoret baada ya uchaguzi wa 2007

Wakuu, salamu kwenu nyote wa hili jukwaa la muziki wa zamani, mahali watu huulizana "hii ngoma inaitwaje?" na hakuna anayejibiwa.

Nimesoma uzi wa yule ndugu analalamika ati DJ amemnyima jina la wimbo. Nilicheka dukani peke yangu mpaka mteja akaniuliza kama ile dawa ya minyoo nimeikunywa mimi.

Ndugu, wewe umenyimwa juzi. Hebu tulia nikuambie watu wamenyimana.

Haya nayoandika niliyaona kwa macho yangu. Wahusika wako hai, na mmoja nashuku yuko humu ndani na jina la bandia. Akitaka kunipinga, uwanja ni wake.

Mimi ni mtu wa Turbo. Wazazi walitoka western wakaja kufanya kazi kwa mashamba, nikazaliwa huku. Nina agrovet hapa Eldoret mjini, nauza dawa za ng'ombe na mbegu. Lakini Jumapili nilikuwa MC.

Kulikuwa na bar moja upande wa kuelekea Kapseret, na nyuma yake kiwanja cha nyasi. Watu wakitoka kanisani walikuja hapo na nguo zao za kanisa, wanakula choma, wanasikiza santuri.

Na si rhumba. Rhumba iko kila mahali. Hapo ilikuwa ni soul, ile ya miaka ya sabini, ya bendi za hapa hapa Kenya ambazo zilivaa suruali pana na kulia kwa maiki kama mtu ameibiwa ng'ombe. Santuri ndogo, zile za wimbo mmoja kila upande. Bendi ilitoa chache, ikavunjika, wanamuziki wakarudi kulima. Ukipata moja leo umepata mali.

DJ walikuwa wawili.

Wa kwanza ni Kiprono, mtu wa Kapseret kabisa, boma lake liko karibu na airport. Alifundisha darasa la nne lakini tulimwita Profesa, na hakuwahi kutukataza.

Wa pili ni Macharia, tulimwita Mash. Fundi wa cherehani. Alizaliwa Eldoret, akasoma Eldoret, akaoa Eldoret. Duka lake lilikuwa mbele, na familia iliishi nyuma.

Kila mmoja alikuwa na silaha yake.

Profesa alikuwa na wimbo mmoja, mwanaume anaimba, gitaa inakwaruza, ikifika katikati hata mapadri wangecheza. Alitangaza unaitwa "Kapseret Express". Hakuna wimbo kama huo duniani. Jina alilitunga mwenyewe ili mtu asiende kuutafuta. Label, ile karatasi ya katikati ya santuri yenye jina la wimbo na bendi, alikuwa ameifunika na karatasi ya khaki, ile ya kufunika vitabu vya shule.

Mash naye alikuwa na wake, sauti ya mwanamke, pole pole, inaingia kwa mifupa. Aliuita "Chozi la Turbo". Mimi mtu wa Turbo nilimuuliza ni chozi la nani huko, akasema niache maswali mengi. Label yake ilifunikwa na plasta ya kidonda pande zote mbili, na juu ya plasta alikuwa amechora mstari wa biro mpaka kwa santuri yenyewe. Ukiibandua hata kidogo, mstari haurudiani tena.

Wakuu, hawa watu walipendana. Walikula sahani moja. Lakini kwa hayo mambo ya label hakuna undugu.

Profesa alimnunulia Mash chai miaka na miaka akitegea ateleze ulimi. Alisafiri Kitale, akasafiri Nakuru, akazunguka kila soko akiimba ile melody ya "Chozi la Turbo" kwa wauza santuri, na sauti za walimu mnazijua. Hakuna aliyeijua. Mash, kila akienda choo, alitoa santuri kwa player akaiweka ndani ya koti, akaenda nayo.

Narudia. Alienda nayo choo.

Basi ikafika uchaguzi wa mwisho wa mwaka ule wa 2007. Sitaeleza siasa hapa, mods wasifunge uzi. Waliokuwa Eldoret wanajua, na waliokuwa mbali walituona kwa TV.

Jina Macharia, la Kikuyu, lilitosha. Hakuna aliyemuuliza alipiga kura wapi. Alitoka na mkewe Mama Shiru na watoto, wakiwa na nguo walizovaa, wakapata mahali kwa kambi ya showground pamoja na maelfu ya wengine.

Nikapigiwa simu na namba siijui. Hizo siku credit ilikuwa imepotea mjini, mtu akikupigia unajua ameombaomba. Ilikuwa Mash.

"Duka bado iko?"

"Bado iko. Lakini wameanza kuchoma mtaa wa juu."

"Box yangu iko chini ya kitanda. Tafadhali. Tafuta mtu yeyote mwenye gari. Mtu yeyote, lakini si Profesa."

Nilimsikia Mama Shiru nyuma yake akiuliza, "Unamwambia alete blanketi?" Simu ikakatika.

Sasa wakuu, mtu mwenye gari ambaye angepita Eldoret hiyo wiki ni nani? Si Mkalenjin, mtu wa huku? Na Mkalenjin mwenye pickup mimi namjua mmoja tu.

Nikampigia Profesa. Sikumaliza sentensi. Alikuja na pickup yake ya maziwa, mitungi imejaa nyuma. Alikuwa amevaa koti la mazishi. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Sijui siku itaishaje."

Tuliingia kwa Mash. Mlango tayari ulikuwa umevunjwa, cherehani zimeenda. Profesa alipita moja kwa moja chumbani, akalala kifudifudi, akavuta box. Mimi nikashika picha ya harusi ukutani kwa sababu ilikuwa karibu na mkono.

Tukaanza kupanga santuri ndani ya mitungi miwili mikavu, moja moja, tumezifunga na mapazia ya Mama Shiru. Nje kelele inasogea. Naangalia Profesa anapanga pole pole kama anaweka mayai ya sadaka kanisani.

"Mwalimu, harakisha!"

"Zikigongana zitakwaruzika."

Kama nilizeeka, nilizeekea hapo.

Tulipofika barabara ya kurudi Kapseret kulikuwa na mawe na gogo. Vijana wengi, wengine na mishale, wengine wamelewa. Mmoja akamjua Profesa.

"Mwalimu, umebeba nini?"

"Maziwa."

"Tupatie."

Akawafungulia mtungi mmoja, wakakunywa na vikombe vya plastiki mpaka ukaisha. Nikashukuru Mungu. Halafu yule kijana akaweka mkono kwa mtungi wa santuri.

"Na hii?"

Profesa, mtu mwenye diploma, akajibu: "Hiyo wacha. Imeganda."

Wakuu, kwa wale hamjaishi na Wakalenjin: kuwaambia maziwa imeganda ni kama kumwambia mtoto hiyo wacha, ni keki. Niliona macho yao yote yanawaka pamoja. Mmoja akauliza, "Mursik?", yaani yale maziwa yao ya mgando, kwa sauti ya upole kabisa, sauti ya mtu amekumbuka nyumbani.

Mkono ukaanza kuzungusha kifuniko.

Sijui nilitoa wapi nguvu. Nikaruka chini nikapiga kelele: "Kijana, unataka kufa? Huyo ng'ombe ni mgonjwa! Nimemdunga dawa mimi mwenyewe, mimi ni wa agrovet!" Nikataja jina refu la dawa, nikaongeza lingine ambalo ni la kupe. "Ukikunywa hiyo utaharisha mpaka usahau ulikuja hapa kufanya nini."

Akarudisha mkono. Wakanong'onezana. Mmoja akaniuliza, kwa heshima, kama nina kitu cha ndama anayekohoa. Hapo hapo, kwa barabara, na moshi uko nyuma yetu, nikamwandikia dawa kiganjani.

Wakasukuma gogo.

Hatukuongea mpaka Kapseret. Jioni hiyo nikasikia upande wa Mash umechomwa wote, duka na nyumba.

Sasa hapa ndio nilimjua Profesa vizuri.

Ile box ilikaa kwa store yake ya mahindi mpaka mvua ikaanza. Santuri ya plasta iko ndani. Kitu ambacho amekitafuta kwa miaka, kiko kwake, mwenyewe hayuko, na hakuna anayeona.

Nilienda kumtembelea nikampata amekaa juu ya gunia anaiangalia. Ameiweka dirishani.

"Mbona hapo?"

"Ipate hewa." Akafikiria. "Wewe ukiona, plasta ikikauka yenyewe ianguke, hiyo inaweza kuwa kosa la mtu?"

Nikamwambia hilo ni swali la pasta.

Wiki nyingine nikakuta ameitoa dirishani, ameirudisha kwa box, box ameifunga kwa nailoni, amekaza kwa kamba ya katani, juu yake ameweka gunia la mahindi. Akaniambia, "Nimechoka kujaribiwa." Mkewe aliniambia pembeni kwamba anaongea na store.

Mjini nako DJ wengine walishaanza maneno. Ati Profesa alipora mali ya Mash, ati atapiga "Chozi la Turbo" kama yake. Wale wale walioongea ndio walikuja kumuomba awaonyeshe kidogo tu, chini ya maji.

Halafu ikaja amani.

Amani Eldoret ilikuja na viti vya plastiki. Kila shirika lilikuwa na workshop. Mmepiga hesabu ya mandazi iliyoliwa mwaka ule kwa jina la maridhiano? Watu walikuwa wanasameheana mara mbili kwa wiki, asubuhi hoteli hii, alasiri hoteli ile.

Profesa aliitwa kama mwalimu. Mash aliitwa kama mwakilishi wa watu wa showground. Mimi nikaenda kwa sababu Profesa alitaka shahidi. Aliingia na box kwa mikono, bado imefungwa nailoni, akaiweka chini ya kiti.

Mash alikuwa amekonda. Shati ilikuwa ya msaada, imeandikwa jina la timu ya mpira ya nchi nyingine. Walisalimiana kwa mkono, bila maneno. Mama Shiru, aliyekuja naye, alinisalimia, nikampa ile picha ya harusi, akashukuru. Halafu akasema, "Na sufuria zangu?"

"Mama..."

"Mlikuwa na pickup nzima. Mkabeba muziki."

Nikamvutia kiti cha plastiki.

Facilitator alikuwa dada kutoka Nairobi, kijana, na kalamu za rangi nne. Akasema kila mtu ataje kitu kimoja kinachomzuia kusamehe. Watu wakataja mashamba, wakataja siasa, wengine wakalia. Ikafika kwa Mash.

Akasimama.

"Mimi nyumba nimesamehe. Cherehani nimesamehe. Hata waliochoma siwajui, nitawakasirikia vipi?" Akamnyooshea Profesa kidole. "Lakini huyu aniambie ukweli mbele ya watu. Ile label. Ulitoa ama hukutoa?"

Yule dada akaandika LABEL kwa ukuta na kalamu nyekundu, akapiga mstari chini. "Asante sana, Mzee. Jamani mmesikia? Sisi Wakenya tunabandikana label! Huyu label hii, yule label ile! Tutazitoa lini?"

Watu wakapiga makofi. Mchungaji mmoja akasema amina.

Profesa akasimama, machozi yako karibu. "Mash, Mungu ananiona. Sikutoa label."

Dada akasema, "Lakini Mwalimu, ndio tumekuja hapa, tuzitoe!"

"Hapana, Madam. Hii haitolewi."

Akavuta box, akakata kamba na meno, akatoa santuri, akampa Mash na mikono miwili vile mtu hupewa mtoto.

Mash aliigeuza kwa mwanga wa dirisha. Akaangalia ule mstari wa biro. Ulikuwa umerudiana sawa sawa, hata unywele haungepita. Akauangalia tena. Nilitegemea atafurahi. Badala yake uso ulimwanguka, akakaa chini kama mtu amepewa habari mbaya.

"Kwako tangu Januari," akasema.

"Tangu Januari."

"Na hukuangalia."

"Kwani hukuniamini?"

"Sikukuamini," Mash akasema. "Nilimwambia huyu atafute mtu yeyote, lakini si wewe."

Profesa akaniangalia. Nikaangalia mandazi.

Ndipo Mash akaweka kucha chini ya plasta ya upande mmoja, akaibandua yote kwa mvuto mmoja. Akampa santuri. "Soma."

Profesa akavaa miwani. Akasoma. Akavua miwani, akaipangusa na tai, akasoma tena. Mdomo ukabaki wazi.

"Hii si ni yangu?"

"Ni yako."

"Hii ni 'Kapseret Express'!"

"Geuza. Mimi hupiga upande wa pili."

Wakuu, ngojeni niwaeleze vizuri. Ilikuwa ni santuri moja. Bendi moja, nambari moja. Profesa alikuwa na kopi yake, anapiga upande wa kwanza. Lakini kopi yake aliitoa kwa boma moja huko Soy, watoto walikuwa wameifanya gari la kuchezea, upande wa pili umelimwa kama shamba. Sindano haikai. Hakuwahi kuusikia hata siku moja. Wimbo aliozunguka nao mpaka Nakuru ulikuwa uko nyumbani kwake, mgongoni mwa wimbo wake.

Na Mash alijua. Alijua tangu siku ya kwanza Profesa alipopiga "Kapseret Express", kwa sababu kopi yake ilikuwa safi pande zote mbili.

"Ulijua," Profesa akasema. "Ukakunywa chai yangu."

"Nilikunywa."

"Nimepita kwa mishale na hii kitu! Nimedanganya watoto niliowafundisha! Kwa santuri ambayo ninayo!"

"Kiprono." Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwita jina lake. "Wewe una shamba. Una boma. Ukiulizwa kwenu ni wapi unaonyesha na kidole. Mimi nilikuwa na hiyo tu. Kitu kimoja hapa Eldoret ambacho unakitaka na mimi ndio ninacho. Ningekuambiaje?"

Hapo hakuna aliyepiga makofi. Hata yule dada aliweka kalamu chini.

Ningependa kuwaandikia kwamba walikumbatiana. Hawakukumbatiana. Profesa alichukua koti lake akatoka. Watu waliochomeana nyumba walikuwa wanapeana namba za simu kwa mlango, na yeye akapita katikati yao hasalimii mtu, kwa sababu ya upande wa pili wa santuri.

Ripoti ya ile workshop nilikuja kuiona. Imesema kikao kilifaulu hasa katika suala la label.

Mash hakurudi kuishi Eldoret. Alipata mahali Nakuru, akaanza na cherehani moja ya kuazima. Mama Shiru alisema hatalala tena mahali anapohesabu hatua za watu nje. Simlaumu.

Profesa alinuna mpaka mahindi yakavunwa. Kila nikimtaja Mash anauliza habari ya mbolea.

Halafu Jumapili moja, bar imeshafunguliwa tena, niko na maiki, nikaona Mash anaingia na player yake kwa bega, na nyuma yake Mama Shiru amebeba sufuria mpya kabisa, kubwa, ambayo baadaye nilijua nani aliinunua na kuituma Nakuru bila barua. Hakutangaza. Aliweka santuri na label iko wazi, akapiga upande wa kwanza. Ukaisha. Akageuza, akapiga upande wa pili.

Hatukuwahi kuzisikia zikifuatana. Wakuu, mwanaume kwa ule wa kwanza anamuomba mwanamke arudi. Mwanamke kwa ule wa pili anamjibu. Ilikuwa ni maongezi, na sisi kwa miaka yote tulikuwa tunasikiza nusu nusu.

Profesa alikuwa amesimama kwa moto wa choma akijifanya anageuza nyama. Alipangusa macho, akasema ni moshi. Akaenda akavuta kiti karibu na Mash. Sikusikia walichoambiana.

Sasa nifike mahali nimekuja kulia mbele yenu.

Tangu hapo hao wawili wanatafuta santuri pamoja. Mash akipanda huku wanaenda Soy, wanaenda Kitale, wanapekua maboma ya wazee. Na mwaka jana wamepata kitu. Gitaa inaanza peke yake, halafu tarumbeta, halafu sauti ya watu wawili inaingia kwa pamoja, sijawahi kusikia kitu kama hiyo maishani.

Wameifunika. Karatasi ya khaki, na juu ya khaki plasta, na juu ya plasta mistari miwili ya biro, kila mtu wake.

Nimewauliza. Mimi, niliyesimama mbele ya mishale nikitaja dawa ya kupe. Mash akamwangalia Profesa, Profesa akamwangalia Mash, wakasema kwa sauti moja, "Hayo ni mambo ya ndani."

Basi funzo nililopata ni hili: watu wakigombana unaumia, na wakipatana hawakuambii kitu.

Karibuni mchangie, mcheke, mniulize. Na kama kuna mkuu anautambua huo wimbo wa gitaa, tarumbeta na sauti mbili, nitashukuru sana.

Lakini tafadhali usiandike jina hapa chini watu wakaona. Nitumie inbox.